Stenti ya plastiki, ya metali, au njia nyingine: kuchagua namna ya kufungua mrija wa nyongo uliozibwa na saratani isiyoweza kuondolewa

Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku, na nyongo hiyo hushuka kupitia mrija mmoja mwembamba hadi kwenye duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Saratani ya kichwa cha kongosho, ya mirija ya nyongo yenyewe, ya mfuko wa nyongo, au matezi yaliyovimba kwa saratani iliyosambaa kutoka kwingine, yote haya yanaweza kuubana mrija huo usipitishe kitu. Bilirubini, yaani kemikali ya manjano inayotolewa na ini kupitia nyongo, hurudi kwenye damu, macho na ngozi vikageuka manjano, mkojo ukawa na rangi ya chai iliyokolea, choo kikapauka, na mwili ukawasha kiasi cha kumnyima mgonjwa usingizi. Kwa kuwa vitamini K haifyonzwi vizuri pasipo nyongo utumboni, damu nayo huchelewa kuganda. Na nyongo iliyotuama ikiingiwa na bakteria, hufuata homa kali yenye kutetemeka, hali inayoweza kumuua mgonjwa ndani ya siku chache, mapema kuliko saratani yenyewe.

Makala haya yanawahusu wagonjwa na familia waliokwisha kuambiwa kwamba uvimbe hauwezi kuondolewa kwa upasuaji, na ambao sasa wanaulizwa, pengine kwa haraka, kama wanataka stenti, yaani kimrija kinachoachwa ndani ya mrija wa nyongo ili ubaki wazi, ya plastiki au ya metali, au kama wako tayari kwa mpira wa kupitia ubavuni. Kufungua mrija hakuponyi saratani. Kunachofanya ni kumwondolea mgonjwa muwasho, kumrudishia hamu ya kula, kupunguza hatari ya maambukizi na, kwa wengi, kuishusha bilirubini hadi kiwango kinachoruhusu tibakemikali kuanza. Faida hizo ni kubwa kuliko zinavyosikika zikitajwa kwa sentensi moja, na aliyewahi kumwona mtu akijikuna hadi akatoka damu usiku kucha anajua ninachokisema.

Mambo ya kutazama kabla ya kulinganisha

Swali la stenti ipi ni bora halina jibu mpaka mambo matatu yajulikane. La kwanza ni mahali pa kuziba. Mrija unaweza kubanwa chini, karibu na kongosho, au juu, kwenye lango la ini ambapo tawi la kulia na la kushoto hukutana. Hali hizi mbili hushughulikiwa kwa namna tofauti kabisa, na mengi ya yanayosemwa kuhusu stenti ni ya kweli kwa upande wa chini peke yake. La pili ni muda na mpango: je, mgonjwa anatarajiwa kuishi miezi mingi, na je, tibakemikali inafuata? La tatu ni uhakika wa ugonjwa. Kuna uvimbe wa kongosho na makovu ya mirija ambayo si saratani lakini hufanana nayo kwenye picha, kwa hiyo kama kinyama hakijachukuliwa na kuthibitishwa maabara, stenti isiyoweza kutolewa haifai kuwekwa.

Yakishajulikana hayo, kila njia inapimwa kwa vigezo vilevile: namna inavyowekwa, muda inaobaki wazi, matatizo yake, maisha ya mgonjwa baada yake, na gharama pamoja na uwezekano wa kubadili uamuzi baadaye.

Njia zilizopo

Tatu za kwanza, yaani stenti ya plastiki, ya metali isiyofunikwa na ya metali iliyofunikwa, huwekwa kwa njia moja ya kupitia mdomoni. Daktari bingwa wa mfumo wa chakula hushusha endoskopi hadi kwenye duodeni, huingiza waya mwembamba kwenye mlango wa mrija wa nyongo, humimina dawa inayoonekana kwenye eksirei, huuvusha waya katikati ya uvimbe, kisha husukuma stenti ikifuata waya ule. Hospitalini utaratibu huu huitwa ERCP. Stenti ya kwanza ya plastiki iliyowekwa kwa njia hii iliripotiwa na Nib Soehendra, aliyekuwa akifanya kazi Hamburg, mwaka 1979. Zile za metali zinazojipanua zenyewe zikaja mwishoni mwa miaka ya 1980.

Stenti ya plastiki ni mrija mdogo wenye vipembe vya kuuzuia usiteleze, na ule unaotumika zaidi una unene wa Fr 10, sawa na milimita 3.3 hivi. Stenti ya metali ni wavu wa nyaya, mara nyingi za nitinoli (mchanganyiko wa nikeli na titani), uliobanwa ndani ya ala nyembamba. Ala ikivutwa nyuma, wavu hufunguka na kufikia kipenyo cha milimita 10. Wavu huo unaweza kuwa mtupu, ndiyo stenti isiyofunikwa, au ukavikwa utando wa silikoni au kitu kinachofanana nayo, ndiyo iliyofunikwa.

Njia ya nne hupitia kwenye ngozi: mtaalamu wa radiolojia huchoma sindano kati ya mbavu, akiongozwa na ultrasaundi na eksirei, hadi kwenye tawi la nyongo lililotanuka ndani ya ini, kisha huacha katheta, yaani mpira mwembamba, ya kuichuruza nyongo nje au kuivusha hadi utumboni. Ya tano ni endoskopi yenye ultrasaundi kwenye ncha yake, ambayo humwezesha daktari kuutoboa mrija wa nyongo kutoka ndani ya tumbo au duodeni na kuweka stenti katikati ya tundu hilo. Iliripotiwa mara ya kwanza na Marc Giovannini wa Marseille mwaka 2001. Ya sita ni upasuaji wa kuunganisha mrija wa nyongo na kipande cha utumbo juu ya pale palipoziba.

Namna zinavyowekwa

Kwa mgonjwa, stenti tatu za kupitia mdomoni hazina tofauti kubwa siku ya kuwekwa. Anafunga kula, anapewa dawa ya usingizi, na kazi huchukua kati ya nusu saa na saa moja au zaidi kidogo. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Mrija ukiwa umebanwa upande wa chini, daktari mzoefu hufanikiwa kwa zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10. Mkono wa daktari una uzito kuliko aina ya stenti, na familia ina haki ya kuuliza kwa adabu ni mara ngapi kazi hii hufanyika katika hospitali hiyo.

Njia ya kupitia ngozi haihitaji endoskopi, na mara nyingi mgonjwa hupewa ganzi na dawa ya kumtuliza tu. Hufaa hasa pale duodeni isipofikika au kuziba kukiwa juu sana. Haipendelewi kwa mwenye maji mengi tumboni wala kwa ambaye damu yake haigandi na haijarekebishwa. Endoskopi yenye ultrasaundi huhitaji daktari aliyefunzwa mahususi, na hospitali zenye uwezo huo ni chache kuliko zenye ERCP ya kawaida. Upasuaji unahitaji nusukaputi kamili, siku kadhaa za kulazwa na wiki za kurudisha nguvu, wiki ambazo kwa mgonjwa wa aina hii ni sehemu kubwa ya muda aliobakiwa nao.

Muda wa kubaki wazi

Hapa ndipo plastiki na metali huachana, na sababu yake ni ya kimaumbile. Bakteria hujishikiza kwenye ukuta wa ndani wa plastiki, wakajenga utando, na utando huo hunasa chembe za nyongo mpaka kirija kinajaa tope. Kwa kawaida hilo hutokea kwa wastani wa miezi mitatu hivi, ndiyo maana hospitali nyingi hupanga kubadilisha stenti ya plastiki kila baada ya miezi mitatu bila kungoja izibe. Dawa za kulainisha nyongo na antibiotiki za kumeza zimejaribiwa ili kurefusha muda huo, lakini hazijaonyesha faida ya kutosha kuzifanya kuwa tiba ya kawaida.

Kwa metali hesabu ni nyingine. Wingi wa kimiminika kinachopita kwenye bomba nyofu hupanda kwa kipeo cha nne cha nusu kipenyo, kwa hiyo bomba lenye upana mara tatu lina uwezo wa kupitisha zaidi ya mara 80. Nyongo ya mgonjwa haiendi kwa utiifu huo wa hesabu, lakini mwelekeo ni uleule. Jaribio lililofanyika Amsterdam na kuchapishwa mwaka 1992 lililinganisha aina hizi mbili kwa wagonjwa 105: nusu ya stenti za metali zilibaki wazi kwa siku 273 au zaidi, na za plastiki siku 126. Wagonjwa wa pande zote mbili waliishi muda unaokaribiana. Metali haikurefusha maisha. Ilipunguza safari za kurudi hospitali na vipindi vya manjano na homa katika maisha yaleyale, na hilo kwangu ni jambo la kupewa uzito wake wote.

Kati ya metali iliyofunikwa na isiyofunikwa, tofauti ya muda ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Ile isiyofunikwa huzibwa na saratani inayopenya kati ya nyaya na kukua ndani. Utando wa ile iliyofunikwa huizuia saratani kupenya, lakini tope hujikusanya, uvimbe huweza kukua juu au chini ya miisho yake, na stenti yenyewe inaweza kuteleza ikatoka mahali pake. Tafiti zilizolinganisha mbili hizi hazijakubaliana juu ya mshindi, na madaktari wazuri hutofautiana.

Katheta ya kupitia ngozi hubadilishwa kila wiki 8 hadi 12 ili isizibe, isipokuwa kama baadaye itatumika kuweka stenti ya metali ndani na yenyewe kuondolewa. Stenti iliyowekwa kwa endoskopi ya ultrasaundi haipiti katikati ya uvimbe, kwa hiyo saratani haipati nafasi rahisi ya kukua ndani yake. Upasuaji ndio unaodumu kuliko yote. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1994 katika jarida la Lancet, likiwa na wagonjwa 204, lilionyesha kwamba manjano yalirudi kwa asilimia 2 ya waliopasuliwa na kwa asilimia 36 ya waliowekewa stenti. Ni lazima ikumbukwe kwamba stenti za jaribio lile zilikuwa za plastiki.

Matatizo yanayoweza kutokea

Kila kazi ya ERCP, iwe ya plastiki au ya metali, ina hatari zilezile za mwanzo. Kubwa ni kuvimba kwa kongosho, ambako huwapata takriban wagonjwa 5 katika kila 100 na mara nyingi hutulia kwa siku chache, ingawa kwa wachache huwa kukali. Dozi moja ya diklofenaki au indometasini inayowekwa kwenye njia ya haja kubwa hupunguza hatari hiyo, na si kosa kuuliza kama itatolewa. Kutoka damu ni nadra zaidi, na kutoboka kwa utumbo ni nadra zaidi ya hapo. Maambukizi ya nyongo hutokea hasa pale dawa ya eksirei ilipomwagwa kwenye matawi ambayo baadaye hayakufunguliwa.

Baadaye kila stenti huwa na tabia yake. Plastiki huziba au huteleza. Metali isiyofunikwa huzibwa na uvimbe, na haiwezi kutolewa tena, kwa sababu tishu huota kati ya nyaya zake. Dawa yake ni kuweka stenti nyingine ndani yake, jambo ambalo kwa kawaida linawezekana. Metali iliyofunikwa huteleza zaidi, na kwa baadhi ya wagonjwa utando wake huziba mlango wa mfuko wa nyongo, mfuko ukavimba kwa maumivu makali. Daktari huangalia kwenye picha kama uvimbe umefika kwenye mlango huo kabla ya kuichagua.

Njia ya kupitia ngozi huleta maumivu ubavuni, kuvuja kwa nyongo pembeni mwa katheta, kutoka damu na wakati mwingine kuchomoka kwa katheta yenyewe. Jaribio lililochapishwa mwaka 1987, katika enzi ya vifaa vya zamani, lilionyesha vifo vichache zaidi katika siku 30 za kwanza kwa waliopitia endoskopi kuliko waliopitia ngozi, na tangu hapo endoskopi ikawa chaguo la kwanza kwa kuziba kwa chini. Vifaa na ujuzi wa radiolojia vimeendelea sana tangu wakati huo, na kwa kuziba kwa juu hoja hiyo haisimami kwa nguvu ileile. Endoskopi ya ultrasaundi ina hatari ya nyongo kuvujia tumboni na ya stenti kukaa vibaya, lakini kwa kuwa haigusi mlango wa kongosho, kuvimba kwa kongosho si tishio kubwa.

Hatari ya upasuaji ilionekana mwanzoni: katika jaribio lile la 1994, vifo vilivyotokana na tiba yenyewe vilikuwa asilimia 14 kwa upasuaji na 3 kwa stenti, na matatizo makubwa asilimia 29 kwa 11. Kwa upande mwingine, kuziba kwa njia ya chakula baadaye kulikuwa asilimia 17 kwa waliowekewa stenti na 7 kwa waliopasuliwa, ambao baadhi yao waliunganishiwa pia tumbo na utumbo katika upasuaji huohuo.

Maisha ya kila siku

Stenti iliyo ndani haionekani wala haisikiki, iwe ya plastiki au ya metali. Mgonjwa anakula, anaoga na kulala kama kawaida. Mwenye plastiki anaishi na tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo haifai kuachwa ipite eti kwa sababu macho bado ni meupe, maana stenti ikiziba ghafla, homa inaweza kutangulia manjano. Mwenye metali hana tarehe ya namna hiyo, lakini naye anahitaji kuzijua dalili: mkojo kukolea tena, muwasho kurudi, homa na kutetemeka.

Katheta ya nje ni jambo jingine kabisa, na inafaa lisemwe waziwazi kabla ya kukubaliwa. Kuna mfuko wa kumwagwa, bandeji ya kubadilishwa, na mara nyingi maji ya chumvi ya kusafishia katheta yanayosukumwa kwa bomba la sindano. Nyongo yote ikitoka nje, mwili hupoteza maji na chumvi, kwa hiyo mgonjwa lazima anywe vya kutosha na damu yake ipimwe. Wapo wanaoizoea vizuri, hasa wakiwa na mtu nyumbani aliyefundishwa na muuguzi. Wapo pia ambao mfuko ule huwafanya wasitake kuonana na watu, na hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye wageni ndio furaha iliyobaki. Ikiwezekana katheta ivushwe hadi utumboni na mdomo wake wa nje ufungwe, mfuko huondoka, na nafuu hiyo inastahili kuulizwa mapema.

Gharama na nafasi ya kubadili

Stenti ya plastiki ni ya bei nafuu, na ya metali ni ghali mara nyingi zaidi. Lakini bei ya kifaa si gharama yote: kila kubadilisha plastiki ni kazi nyingine ya ERCP, usingizi mwingine, usafiri mwingine na siku nyingine ya ndugu kuacha shughuli zake. Kwa muda mrefu imeelezwa kwamba metali huanza kurudisha gharama yake kwa mgonjwa anayetarajiwa kuishi zaidi ya miezi minne hivi. Mpaka huo si ukuta, kwani hakuna daktari awezaye kuutabiri muda kwa usahihi huo, na miongozo ya kitaalamu ya sasa, kama wa chama cha endoskopi cha Ulaya wa 2018, inaielekea metali ya milimita 10 kwa kuziba kwa chini kunakotokana na saratani, bila kumsubiri mgonjwa atimize hesabu ya miezi.

Kinachobaki upande wa plastiki na wa metali iliyofunikwa ni kwamba zinaweza kutolewa. Ugonjwa ukibainika kuwa si saratani, au mpango ukibadilika, hakuna kilichofungwa moja kwa moja. Isiyofunikwa, ikishawekwa, imewekwa.

Kuziba kwenye lango la ini

Hapa sehemu kubwa ya ulinganisho wa juu inabadilika. Uvimbe wa lango la ini unaweza kutenganisha matawi ya kulia na kushoto, na katika hatua za juu za mpangilio wa Bismuth, yaani ya III na ya IV, hata vitawi vya ndani zaidi hutengana. Kufungua tawi moja hakufungui ini lote. Lengo linalotumika sasa ni kuchuruza zaidi ya nusu ya ini linalofanya kazi, na sehemu ya ini iliyokwisha kunywea haina faida kufunguliwa. Kwa hiyo picha ya MRI ya mirija ya nyongo inatakiwa kupatikana kabla ya kazi, ili daktari aingie akijua anakwenda tawi gani, na asimwage dawa ya eksirei mahali asipoweza kupachuruza.

Stenti ya metali iliyofunikwa kwa kawaida haiwekwi hapa kwa sababu utando wake utaziba matawi ya pembeni. Linabaki chaguo kati ya plastiki, metali isiyofunikwa, njia ya kupitia ngozi, au mchanganyiko. Plastiki huruhusu marekebisho pale mpango haujakamilika. Metali isiyofunikwa hudumu zaidi, lakini ikiwekwa vibaya huwa vigumu kuirekebisha. Kwa hatua ya III na IV, njia ya kupitia ngozi, peke yake au pamoja na endoskopi, mara nyingi huwa na nafasi nzuri zaidi ya kufika pale panapotakiwa. Nikishauri jambo moja kwa nguvu katika makala haya yote, ni kwamba kuziba kwa lango la ini kupelekwe kwenye hospitali ambayo daktari wa endoskopi, wa radiolojia na wa upasuaji huzitazama picha pamoja kabla ya yeyote kushika waya.

Kila njia inamfaa nani

Plastiki inamfaa ambaye ugonjwa wake haujathibitishwa, anayehitaji kufunguliwa haraka wakati mpango ukiendelea kupangwa, au ambaye muda wake unaonekana kuwa mfupi sana na anaweza kurudi ikibidi. Metali isiyofunikwa inamfaa mwenye saratani iliyothibitishwa, hasa kama mfuko wa nyongo upo na mlango wake uko karibu na uvimbe. Iliyofunikwa inamfaa mwenye kuziba kwa chini ambaye daktari anataka nafasi ya kuitoa au kuibadilisha baadaye, na hatari ya mfuko wa nyongo ni ndogo au mfuko ulishaondolewa.

Njia ya kupitia ngozi inawafaa wenye kuziba kwa juu, waliowahi kupasuliwa tumbo kwa namna ambayo endoskopi haifiki, na wale ambao ERCP imeshindikana. Endoskopi ya ultrasaundi inawafaa baadhi ya watu haohao, hasa wenye duodeni iliyozibwa na uvimbe, mahali penye ujuzi huo. Upasuaji unamfaa mtu mwenye nguvu nzuri na matarajio ya miezi mingi, na hasa yule aliyefunguliwa kwa nia ya kuondoa uvimbe ikaonekana mezani kwamba hauondoleki, kwa kuwa tumbo limekwisha kufunguliwa.

Kulingana na hali uliyonayo

Mgonjwa akiwa na homa na kutetemeka pamoja na manjano, hakuna muda wa kulinganisha. Anahitaji hospitali siku hiyohiyo, antibiotiki za mshipani, na mrija kufunguliwa kwa njia yoyote inayopatikana kwa haraka na usalama. Stenti ya kudumu inaweza kuchaguliwa baadaye, akiwa ametulia.

Ikiwa tibakemikali inangoja bilirubini ishuke, muulize daktari wa saratani kiwango anachokihitaji, kwa sababu dawa kama irinotekani zinahitaji ini linalochuruza vizuri. Katika hali hii stenti inayoziba katikati ya mizunguko ya dawa huahirisha tiba na kuleta maambukizi wakati kinga ya mwili iko chini, na hiyo ni hoja nzito ya kupendelea metali kwa kuziba kwa chini. Bilirubini haishuki kwa usiku mmoja. Kwa iliyopanda sana huweza kuchukua wiki kadhaa.

Ikiwa mgonjwa anatapika chakula alichokula saa nyingi nyuma, sema hilo kabla ya stenti yoyote kuwekwa. Huenda duodeni nayo imezibwa, na mpangilio wa kufungua sehemu mbili hubadilisha chaguo la njia; stenti ya duodeni ikitangulia inaweza kuufunika mlango wa nyongo.

Ikiwa hospitali iliyo karibu ina plastiki tu na ile yenye metali iko mbali, kufunguliwa kwa plastiki sasa na kubadilishiwa metali baadaye ni mpango halali kabisa, mradi tarehe ya kurudi iandikwe na mtu mmoja katika familia akabidhiwe kuifuatilia. Omba pia karatasi ya ruhusa iandikwe aina ya stenti, urefu wake, na siku iliyowekwa. Daktari wa zamu atakayempokea mgonjwa usiku wa manane, akiwa na homa, ataihitaji.

Ikiwa stenti imeziba tena, usidhani kwamba kosa limetendeka au kwamba mwisho umefika. Ya plastiki hutolewa na kubadilishwa, iliyofunikwa hubadilishwa au kusafishwa, isiyofunikwa huwekewa nyingine ndani.

Na ikiwa mgonjwa amechoka kabisa, hatoki kitandani na muda wake unahesabika kwa siku, kutomwekea chochote ni chaguo la tiba lililo sawa na mengine. Muwasho unaweza kutulizwa kwa dawa kama rifampisini au sertralini chini ya uangalizi wa daktari, kwa mafuta ya ngozi, kucha fupi na chumba chenye ubaridi. Homa na maumivu yana dawa zake. Kolestiramini, ambayo hutajwa mara nyingi kwa muwasho, haifanyi kazi mrija ukiwa umeziba kabisa, kwa kuwa hutegemea nyongo iliyofika utumboni. Timu ya tiba shufaa iitwe mapema, hata pale ambapo stenti bado inajadiliwa, ili uamuzi wowote utakaofikiwa usimkute mgonjwa akiwa na muwasho na maumivu yasiyotibiwa.